Jicho la Kushoto la Mwinjuma

Mtoni, Temeke
14 Januari 2024

Shikamoo Bi Tunu,

Hunijui, na barua ya mtu usiyemjua hutia wasiwasi tangu kwenye bahasha, kwa hiyo nijitaje upesi. Naitwa Vaileth, binti wa marehemu mwalimu Ansbert wa hapa Mtoni. Kazi yangu ni kuchora. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Twalib, seremala wa Keko anayenitengenezea fremu, ameniambia masikio yako yamechoka na simu kwako ni mluzi mtupu. Kwa kuwa anakaa huko huko Gongo la Mboto, jirani na kwako, amekubali kuwa tarishi wetu.

Ninachora sura za wachoraji waliotutangulia hapa Temeke, wale waliochora vibao vya vinyozi, kuta za baa na vichwa vya vitanda, kisha wakafa bila mtu wa kuwachora wao. Mzee Leodegar na Mzee Mwishehe nimeshawamaliza. Sasa namtaka mumeo, Mzee Mwinjuma. Wao walipaka rangi nyembamba, ukipitisha kiganja juu yake kinateleza. Mimi napaka kwa kisu, rangi nzito kama ugali, tabaka juu ya tabaka, mpaka uso unainuka kutoka kwenye turubai. Nataka anayesimama mbele yao ajue kwamba hawa walikuwa watu wenye mwili.

Mzee nilimwona utotoni. Baba alikwenda Keko kununua kitanda nikafuatana naye, na Mzee akamchora baba pale pale tukisubiri vanishi ikauke. Picha hiyo iko ukutani kwangu hadi leo. Jicho la kulia lina kidoti cheupe cha mwanga, la kushoto halina. Mama alikuwa akisema rangi nyeupe ilimwishia. Lakini kila picha yake niliyoiona baadaye iko hivyo hivyo. Ilikuwaje, Bibi? Na je, unayo picha yake ya kamera uniazime? Onyesho letu ni mwanzoni mwa Machi, kabla ya Ramadhani. Bila yeye litakuwa na pengo, na mimi ndiye nitakayeliona kila nikipita.

Wako,
Vaileth


Gongo la Mboto
19 Januari 2024

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Nyie watu wa bara hata mkiomba mnaomba kwa kusukuma mlango. Lakini umeandika kwa adabu, na mwandiko wako unasomeka, nakujibu.

Picha ya kamera hakuna. Mume wangu alichora nusu ya Temeke, lakini yeye mwenyewe akiona kamera hugeuza uso. Alipochoka na kazi aliondoka Keko akarudi kwao Kilwa, akafia huko akiwa mzima wa sura na akili. Hivyo ndivyo watu wa Keko wanavyojua, na wewe jua hivyo hivyo.

Habari ya jicho usiniulize. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Wachore hao wengine. Huyu mwache alale, kama umewahi kumpenda kwa ajili ya picha ya baba yako.

Twalib mpe chai na kitafunwa. Mdomo wake mzito, tumbo lake jepesi.

Tunu binti Mashaka


Mtoni
28 Januari 2024

Shikamoo Bibi,

Twalib amekunywa chai vikombe vitatu na bado hajasema neno.

Sasa sikia, na ukitaka kunikasirikia nikasirikie. Nilisoma barua yako nikanuna siku nzima. Halafu nikamchora. Sikuwa na picha, nilikuwa na kumbukumbu ya mtoto wa miaka tisa: paji la uso pana, masikio yaliyosimama, pua ya heshima, na ule mdomo uliokuwa ukijitafuna akichora. Kisu kilikwenda chenyewe. Rangi ya mashavu nimeirundika unene wa kidole. Pua imesimama kabisa, jioni nikiwasha taa ya pembeni inaangusha kivuli juu ya mdomo, kama pua yangu na yako.

Na macho nimeyawasha yote mawili. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima yangu kwake: nimmalizie kile alichokuwa akikiacha. Tangu nilipoweka kidoti cha pili, ananitazama. Nikienda dirishani yuko nami, nikiinama kuosha visu yuko nami. Nilifurahi mwanzoni. Sasa ninapochora wengine namfunika na shuka.

Naomba radhi yako, Bibi. Bila radhi yako sitamtundika.

Vaileth


Gongo la Mboto
2 Februari 2024

Vaileth,

Basi umeshafanya. Kaa kitako nikueleze ulilofanya.

Mume wangu alikuwa mtu wa sala. Mashehe aliokaa nao walibishana kuhusu picha bapa, huyu anakataza, huyu anaruhusu, naye akapenya katikati yao akaleta mkate nyumbani. Lakini sanamu yenye kivuli chake, hiyo hakuna aliyebisha, wote waliikataza. Alisikia kwamba siku ya Kiyama mwenye kuumba sura ataambiwa: haya, ipulizie roho. Akaogopa sana. Ndipo akaweka desturi yake. Kila uso aliuacha jicho moja bila mwanga. Alikuwa akiniambia, "Tunu, nikiulizwa nitasema sikumaliza, ya Rabi, niliacha." Mama yako anasema rangi ilimwishia! Haikumwishia. Ndiyo iliyokuwa dua yake, jicho baada ya jicho, maisha yake yote.

Wewe umemtengenezea mwili, umempa kivuli, na mwisho ukamwasha kote kote. Yeye, si mwingine! Ndiyo maana anakutazama. Ningekuwa yeye, mie ningemtazama hivyo hivyo mtu aliyeniamsha.

Futa mwanga wa jicho la kushoto. Futa ukimaliza kusoma hapa.

Nina swali, halafu usinijibu kwa maneno mengi. Mdomo umeuchora umenyooka? Nauliza tu. Jioni alikuwa akirudi na vidole vyenye rangi, nami namsugua kwa mafuta ya taa mlangoni kabla hajatia udhu, huku amejitafuna mdomo hivyo hivyo ulivyosema. Toka afe, nikisikia harufu ya mafuta ya taa kwa jirani hugeuka kuangalia mlangoni. Nimekuwa kichekesho cha wajukuu.

Tunu


Mtoni
9 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Mdomo ulikuwa umenyooka. Nasema ulikuwa.

Nilikutii. Nilichukua kisu chembamba nikakwangua kidoti cha jicho la kushoto. Rangi nene ina tabia moja ambayo niliisahau kwa kuharakisha: juu inafanya ngozi, ndani inabaki mbichi miezi. Kisu kilichana ile ngozi. Mwanga ulitoka, kweli, lakini chini yake rangi mbichi ikapata njia, na kwa joto hili la Februari ikaanza kushuka.

Inashuka taratibu, jicho halioni. Ila kila asubuhi nikifunua shuka nakuta shavu lake la kushoto liko chini zaidi ya jana. Sasa limevuta pembe ya mdomo. Limevuta na ukope wa chini, kwa hiyo lile jicho nililotaka kulizima limezidi kufunguka. Halina mwanga, lakini limekodoka. Simtambui tena, Bibi, na ninamwogopa. Huwa nabisha hodi kabla sijaingia chumbani mwangu mwenyewe.

Juzi Twalib alileta fremu. Alipomwona alirudi nyuma, akakaa juu ya ndoo ya rangi. Nikamuuliza, "Vipi, fundi?" Akasema, "Sista, ifunike hiyo." Nikamwambia, "Si rangi tu imeshuka?" Akasema tena, "Wewe ifunike tu." Akaondoka bila chai. Twalib, bila chai!

Niambie nifanye nini.

Vaileth


Gongo la Mboto
13 Februari 2024

Vaileth,

Nani kakwambia?

Usinidanganye habari ya joto. Uso huo uliouandika kwenye barua niliuona mimi, akauona mwanangu, akauona Twalib. Wa nne ni udongo. Mimi sikusema na mwanangu yuko Mtwara. Kumbe yule mdomo mzito anafunguka kwa vikombe vya chai! Mwambie asikanyage kwangu. Na wewe kama ulitaka kunichezea ungechezea kitu kingine. Nilimficha mume wangu ili asichekwe, leo umtundike ukutani watu wapange foleni?

Salamu sina.

Tunu


Mtoni
16 Februari 2024

Shikamoo Bi Tunu,

Barua yako imeletwa na yule yule unayemkataza kukanyaga kwako. Aliishika kwa mikono miwili, hakuwa akijua kilichomo.

Nakuapia kwa kaburi la baba yangu, hakuna aliyeniambia. Hata sasa sijui ulimficha nini. Nilimsomea Twalib maneno yako, kwa sababu yanamhusu. Alichukua kipande cha msasa akawa anakisugua kwenye suruali. Mwishowe akasema, "Mie yule mzee nilimbeba mgongoni, nikamuosha mwenyewe. Mke wangu wa ndoa hajui. Nije kukwambia wewe?" Nikamuuliza kuhusu uso. Akasema, "Muulize mwenye mume. Mie nilichokiona kimenikaa hapa," akajigusa kifuani. Machozi yalimlenga, Bibi. Usimfukuze mtu huyu.

Picha imeshuka kwa sababu nilipaka nene mno na nikaichana kabla ya wakati. Sababu naijua, ninaweza kumfundisha mwanafunzi. Lakini sababu hainisaidii nikiwa nimesimama mbele yake. Nilitaka kumchora mzee aliyemchora baba yangu, na aliyekuja ni mtu mwingine anayeteseka, na inaelekea unamjua.

Ukisema niichome, naichoma kesho uani, na kwenye onyesho nitaacha msumari mtupu. Ni mumeo. Uamuzi ni wako.

Vaileth


Gongo la Mboto
22 Februari 2024

Mwanangu Vaileth,

Twalib amekuja, nimempikia vitumbua, nimemwomba radhi. Amekula vyote, kwa hiyo nadhani tumepatana.

Sasa nakwambia, maana nimechoka kulibeba peke yangu. Hakurudi Kilwa. Alianguka pale Keko kazini, kiharusi, upande wa kushoto wote ukapooza. Shavu likashuka, mdomo ukaenda pembeni, jicho la kushoto likawa halifumbi, usiku na mchana. Nililala karibu na jicho lililo wazi mwaka mzima. Tulipokuwa bado Keko, nilisikia majirani niliowafungia mlango wakinong'ona dirishani kwamba zile sura alizoacha nusu zimekuja kumdai uso wake. Na yeye alisikia. Alilia kwa jicho moja. Nikaapa hakuna atakayemwona. Tukahamia huku, Twalib akambeba mgongoni asubuhi watu wakiwa kazini, nikatangaza amepona, karudi Kilwa.

Alipokufa, Twalib na mwanangu walimuosha. Walimfumba, jicho likafumbuka. Wakalifunga kwa kitambaa, kitambaa kikateleza. Waliponiita kumuaga kabla ya kufunga sanda, lilikuwa linanitazama. Nikanyoosha mkono nimfumbe mwenyewe, kwa kuwa mie alinizoea, pengine angekubali. Wakanivuta. Walisema jeneza linasubiriwa, wasije wakachelewa sala. Wakamzika anatazama.

Hilo ndilo linaloniamsha, mwanangu. Kila nikifumba macho yangu, namwona mume wangu gizani chini kule, kafunguka jicho, anangoja mtu.

Na wewe ulimchora huna habari yoyote, akajitokeza vile vile. Sijui ni joto. Sijui ni nini. Mungu ndiye ajuaye.

Usiichome. Usiiguse. Twalib atanileta Jumatatu asubuhi.

Mama yako,
Tunu


Mtoni
27 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Jana uliondoka upesi, hatukupata hata kuzungumza, kwa hiyo naandika yale niliyotaka kuyasema mlangoni.

Nilipofunua shuka niliogopa ungeanguka. Hukuanguka. Uliangalia kwa muda, ukasema, "Umekonda," kana kwamba amerudi safari. Halafu ukatuomba tutoke. Tulikaa uani mimi na Twalib, tumeshika vikombe bila kunywa. Tulisikia kiti kikivutwa, na sauti yako ikisema maneno ambayo sikuyasikiliza kwa makusudi. Ulipotoka ulikuwa umeuficha mkono wa kulia ndani ya khanga. Ukasema tu, "Twende, Twalib, adhuhuri isije ikatukuta njiani."

Nikaingia ndani. Nilikuwa nimeshafika katikati ya chumba ndipo nikakumbuka kwamba sikubisha hodi.

Shavuni kuna alama za vidole vinne, nyepesi, za mtu anayeshika uso usitikisike. Na jicho la kushoto limefumbwa. Umeuvuta ukope wa juu kwa kidole gumba, kutoka kwenye nyusi mpaka chini, na ile rangi mbichi iliyonitisha wiki zote hizi ikakubali kuvutwa. Haikufumbuka. Nimeangalia leo asubuhi, nimeangalia tena sasa hivi. Mistari ya kidole chako imebaki ndani ya rangi, nyembamba kabisa.

Nilikaa nikalia, sioni haya kukwambia. Mimi napaka rangi nene miaka yote hii nikidhani ni kwa ajili ya wanaotazama. Halafu nikagundua jambo jingine. Jicho la kulia bado lina mwanga wake, la kushoto halina. Ni desturi yake ile ile, Bibi. Akiulizwa bado anaweza kusema hakumaliza.

Twalib amesema rangi kama hii ikisimama tena itashuka tena, mlango wa vanishi mbichi hausimamishwi wima. Ametengeneza meza fupi ya mninga na tumemlaza chali. Ametulia. Lakini onyesho ni wiki ijayo na sijui nimpeleke au nimwache hapa. Wewe ulimficha kwa kiapo. Sema neno nami nitalifuata.

Mwanao,
Vaileth


Gongo la Mboto
2 Machi 2024

Mwanangu Vaileth,

Hukukosea kulia. Mie nililia zaidi yako, nikueleze kwa nini.

Adhuhuri ilitukuta njiani licha ya haraka zangu. Nilipofika nyumbani nikataka kutia udhu, nikaona kidole gumba chote kimejaa mume wangu. Rangi ile ni ngozi juu ya ngozi, maji ya udhu hayapiti. Nikakaa nacho mapajani sitaki kukisafisha, mpaka nikaona haya, alasiri inakaribia. Nikamtuma mjukuu wangu Najat kwa jirani alete mafuta ya taa. Miaka yote ya ndoa nilimsugua yeye vidole kabla ya sala, sikuwahi kujisugua mimi. Nikakaa mlangoni kama tulivyokuwa tukikaa kule Keko, nikasugua, nikalia, nikasugua, mpaka rangi ikatoka yote. Harufu ikajaa nyumba nzima. Nikangoja nigeuke kumtafuta, kama ilivyo kawaida yangu. Sikugeuka. Nikaswali, na baada ya isha nikalala mpaka Najat akaja kuniamsha alfajiri kwa wasiwasi.

Mpeleke. Apelekwe amelala hivyo hivyo, juu ya meza ya Twalib, maana maiti hasimamishwi. Wanaotaka kumwona wainame. Majirani wa zamani wa Keko nao waje, wamwone na shavu lake lililoshuka, waone alivyokuwa mwaka ule niliowafungia mlango. Sijali tena watasema nini. Wakinong'ona, wanong'one mbele yake.

Usiandike chini yake maelezo marefu ya joto na rangi mbichi. Andika jina lake, Mwinjuma bin Sebo, mchoraji, Keko. Wakikuuliza hilo jicho nani kamfumba, waambie ni mkewe.

Tunu binti Mashaka